Corolla ya 1982 na Subaru ya tabo kwenye mashindano mamoja, sheria ziandikweje ziwe za haki?

KE70_wa_Arusha

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana nimebebeshwa kazi ya kuandika sheria na mimi sijawahi kuandika hata katiba ya kikundi cha kufa na kuzikana.

Iko hivi, tuna klabu ndogo, watu kama 25, kila baada ya miezi miwili tunakodi njia kwenye shamba la mtu huku nje ya mji, vumbi tupu, kama kilomita 3, gari moja moja inashindana na saa. Mwanzoni tulikuwa wote na magari ya kizee, Corolla KE70, Datsun 1200 pikapu, kuna mzee mmoja ana Peugeot 504 safi sana. Sasa wamekuja vijana na Subaru Impreza, Toyota Altezza, mmoja ana Mitsubishi Evo. Ni wateja wazuri wanalipa kiingilio bila kelele, lakini mara ya mwisho nafasi saba za kwanza zote zilikuwa zao na yule mzee wa 504 akaniambia kwa upole kabisa kwamba safari ijayo atakuja kuangalia tu na chai yake kwenye chupa. Hiyo kauli iliniuma. Siwezi kufukuza wapya na sitaki kupoteza wazee. Niwagawanye vipi?

tabo_tupu

Mkuu mbona rahisi hiyo. Gawa kwa cc (ukubwa wa injini), hadi 1300, hadi 1600, hadi 2000, halafu yenye tabo (turbo, ile ya kusukumia injini hewa zaidi) zidisha mara 1.7 kama FIA, shirikisho la magari la dunia, wanavyofanya kwenye rali. Impreza ya 1994cc inakuwa kama 3390, inaenda daraja la juu huko, haimgusi mtu. Dakika tano umemaliza sheria.

Babu Kabureta

Kijana wangu tabo_tupu, dakika tano ndizo zinazoharibu. Tumia kalamu kidogo. Altezza ile yenye gia za mkono ina cc 1998 na hp (nguvu za farasi) 210 kutoka kiwandani. 504 ina cc 1971 na haifiki hp 110 hata ikiwa mpya kabisa, na hii ya leo ina miaka zaidi ya arobaini. Kwa sheria yako hao wawili wako daraja moja. Au mchukue Honda Civic EK9, 1600 ya hp 185, umweke na Corolla ya injini 2T ya 1600 pia, hapo umeweka jogoo na kifaranga kwenye tenga moja ukasema wote ni kuku.

Halafu kuna jambo ambalo hizi sheria za Ulaya hazilijali na sisi tunaishi nalo kila siku. Arusha iko mita 1400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 12 ukilinganisha na Tanga. Injini ya kabureta ya 1290cc huku inapumua kama ya 1130, na kama hujabadilisha jeti (kitundu cha kupitishia mafuta) inakula mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, inatoa moshi mweusi na haivuti. Tabo yenyewe inazunguka kwa kasi zaidi inajaza pengo, haipati zote lakini inapata nyingi. Ukienda Nakuru mita 1850 ndio kabisa. Kwa hiyo hiyo 1.7 mliyoisoma ni ndogo kwa huku kwetu, mimi ningeweka 2 na nisingemuomba mtu msamaha.

KE70_wa_Arusha

Shikamoo Babu. Hiyo ya hewa sikuwahi kuifikiria wallahi, nilidhani gari yangu imechoka tu.

Babu Kabureta

Marahaba. Imechoka pia.

msee_wa_Naks

Niko Nakuru na nathibitisha, hapa kabureta ni mateso lol. Lakini wasee naona mnajadili injini pekee. Mimi nadhani swali la kwanza ni hili: gari ya zamani ni ipi? Kwa sababu mwaka ulioandikwa kwenye logbook si gari.

Angalieni Porsche 911. Kwenye Safari Rally ile ya zamani haikushinda hata mara moja. 1974 Joginder Singh aliipiga na kaMitsubishi Lancer ka 1600, dereva Msweden Waldegård na Porsche akawa wa pili. 1978 Porsche tena nambari mbili, Peugeot 504 ikachukua. Sasa njoo kwa Safari Classic iliyoanza 2003, ni ya magari ya zamani, lakini Waldegård akashinda na 911 mwaka 2011, Msweden mwenzake Blomqvist akashinda na 911 mwaka 2015. Gari ni ile ile kwa macho. Kilichobadilika ni vitu vya chini, shokapu za kisasa, vyuma vimeimarishwa, fundi wanajua kila mahali ambapo ilikuwa inavunjika. Si kosa, sheria zao zinaruhusu na mbio ni tamu. Nasema tu ukiandika "gari kabla ya 1985" bila kusema shokapu gani, tairi gani, injini gani, kesho mtu atakuletea KE70 yenye injini ya Altezza ndani na karatasi inasema 1982. Utamwambia nini?

Huku kwetu kwa autocross (mbio fupi za kushindana na saa) tunagawa kwa 2WD (magurudumu mawili yanavuta) na 4WD (yote manne), tabo na isiyo tabo. Kwa vumbi hiyo ya magurudumu inasaidia kuliko cc. 4WD ikitoka kwenye kona imeshakuacha kabla hujaweka gia ya pili.

Dada_Rimu14

Mimi naendesha Vitz ya cc 1000 na naomba msinicheke. Hp 70. KE70 yenye injini ya 4K nayo iko hapo hapo hp 70 na uzito hawapishani sana. Kwa hiyo "ya kisasa" dhidi ya "ya zamani" sio kila mara uonevu, mimi na mwenye thread tungepambana vizuri tu. Gaweni kwa kilo kwa kila hp. KE70 ni kama kilo 12 na kitu kwa hp moja, Impreza WRX ya hp 240 ni kama kilo 5. Unaona wenyewe hao hawakai meza moja, lakini Vitz anakaa na wazee bila shida.

Na tairi jamani, tairi!! Kwenye vumbi mtu akija na tairi za rali zenye meno na mwingine ana tairi za kwendea sokoni, tofauti yake ni kubwa kuliko tabo. Wekeni sheria moja, kila mtu tairi ya barabarani ya kawaida inayouzwa dukani. Ni ya bei nafuu na inapunguza kiburi.

mwanasubaru

Samahani lakini mimi naona mnatuadhibu. Nimeweka hela yangu kwenye gari miaka mitatu, nimekula maharage, sasa mnataka nipigwe na Vitz kwa hesabu ya karatasi? Mwenye gari ya kasi ashinde, hayo ndiyo mashindano. Wazee wawe na kombe lao siku yao.

Babu Kabureta

Siku yao watakuwa wanne. Nani atalipia ambulensi?

fundi_saa

mwanasubaru usikasirike, unaweza kupata vyote viwili. Kombe la muda halisi libaki, hilo utachukua wewe. Halafu liwepo la pili la muda uliorekebishwa. Wamarekani kwenye autocross yao wanafanya hivyo, kila daraja lina namba, unazidisha muda wako kwa hiyo namba. Mfano tu, Subaru namba 1.00, imekimbia sekunde 112, inabaki 112. KE70 namba 0.84, imekimbia 132, inakuwa 110.9. KE70 kashinda lile la pili. Ubaya wake namba zinahitaji data nyingi, na mvua ikinyesha 4WD inafaidi namba zote zinaharibika.

Kwa klabu ya watu 25 mimi ningefanya kama wale wa drag, mbio za mstari mnyoofu. Mpe kila mtu raundi tatu za mazoezi, kisha aandike kwenye karatasi muda anaoamini atakimbia, akabidhi. Aliyekaribia zaidi muda wake ndiye mshindi, na ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika umetoka. Hapo mtu hawezi kuendesha kizembe kwenye mazoezi aandike muda mrefu kisha alipuke, maana akilipuka katoka. 504 ya 1975 na Evo wako sawa kabisa hapo, anayejua gari yake anashinda.

Jambo lingine sio la haki ila lazima: mpeni nafasi ya dakika mbili kati ya gari na gari. Evo ikitoka sekunde 30 nyuma ya 504 kwenye vumbi hamtakuwa mnajadili sheria tena.

msee_wa_Naks

Na ukaguzi baada ya mbio, si kabla peke yake. 1995 timu ya Toyota kule Uhispania walikutwa wamechezea restrikta ya tabo, kile kidude cha kubana hewa, wakafungiwa mwaka mzima. Hao ni timu ya kiwanda, sembuse sisi na spana zetu.

KE70_wa_Arusha

Asanteni sana. Nimeandika hivi kwa sasa: madaraja matatu kwa kilo kwa hp, 4WD inapanda daraja moja, tabo bila kipimo cha dyno (mashine ya kupima hp) namhesabia mara 2 kama Babu alivyosema, tairi za barabarani, injini isiyo ya asili inafuata mwaka wa injini sio wa bodi. Kombe la muda halisi na kombe la karatasi. mwanasubaru kaka karibu, utachukua lako.

Uzito tutapima kwenye mzani wa malori ya kahawa, mwenye shamba kakubali ila anataka tuende kabla ya saa mbili asubuhi. Tatizo lililobaki ni hp za magari ya wazee, mzee wa 504 nimempigia anasema yake ina 96 "na punda mmoja". Niandike 96 au 97?