Naomba ushauri: siku chache za kupumzika na mama mzazi, Regensburg au Passau?

BintiPangani

Heshima kwenu wakuu, na nyinyi dada zangu mlioko Ujerumani.

Mama yangu mzazi anakuja kunitembelea München mwanzoni mwa Septemba, inshallah. Ana miaka 68, mtu wa Pangani, kazaliwa na kukulia jirani na kivuko cha kwenda Bweni. Goti la kulia linamsumbua: kutembea anatembea, ila ngazi nyingi hapana, na akisimama muda mrefu linavimba. Swala tano hazimpiti.

Nimeomba likizo nimtoe nje ya München kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, mimi na yeye tu. Miaka yote hii tunaonana kwenye simu, na nikienda nyumbani nyumba inajaa wageni, hatupati hata saa moja ya kukaa wawili. Kwa hiyo sitaki safari ya kukimbizana na vivutio. Nataka mji wa zamani wenye mto, tukae, tule, tuzungumze, naye aone mambo mawili matatu ya kuwasimulia wenzake akirudi.

Nimebakiwa na Regensburg na Passau. Kazini kuna mtu kanitajia Bamberg pia. Upi unamfaa mwenye goti? Chakula kikoje kwa Muislamu? Na nifikie upande gani wa mji? Bajeti ya kawaida, hoteli safi inatosha. Nawasilisha.

MzeeWaNürnberg

Mdogo wangu, mpeleke mama Regensburg.

Bamberg ni mji mzuri mno, ile Rathaus (ukumbi wa mji) yao ya zamani imejengwa katikati ya mto Regnitz na hakuna asiyeipiga picha. Lakini mji wenyewe umekaa juu ya vilima saba, na kanisa kuu na kasri viko huko juu. Goti la mama litakuharibia siku.

Regensburg mji wa kale ni tambarare. Kutoka Daraja la Mawe mpaka kanisa kuu ni dakika chache hata kwa mwendo wa pole. Daraja hilo lilianza kujengwa mwaka 1135 likakamilika 1146, lina urefu wa takriban mita 310, na tangu 2008 magari hayapiti, ni waenda kwa miguu na baiskeli tu. Mama atavuka taratibu bila kuogopa gari. Vita Kuu ya Pili haikuubomoa mji huu kama ilivyoibomoa Nürnberg yetu, ndiyo maana nyumba za zama za kati zimesimama mpaka leo na UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Vichochoro vyake vitamkumbusha Mji Mkongwe wa Unguja, maana ukinyoosha mikono kidogo tu unagusa kuta.

Kuhusu hoteli, sikiliza vizuri. Hizo nyumba nzuri za zamani nyingi zina ngazi nyembamba za kuzunguka. Kabla ya kulipia, waandikie uwaulize kama kuna Aufzug, yaani lifti, na kama inafika mpaka sakafu ya chumba chenu. Usiridhike na picha. Mimi ningetafuta chumba karibu na mto, upande wa mji wa kale au ng'ambo ya daraja pale Stadtamhof. Stadtamhof kumetulia zaidi, na mama akitoka mlangoni tu daraja linaanzia hapo.

MitoMitatu

Mzee wangu, kwa heshima zote, mama wa Pangani asipofika Passau atakuwa amenyimwa.

Pale inakutana mito mitatu: Danube, Inn na Ilz. Ukisimama kwenye ncha ya mji, wanaiita Ortspitze, unaona maji yana rangi tofauti. Inn inashuka kutoka milimani ikiwa ya kijani kibichi chenye ukungu, Ilz nyeusi kama chai ya rangi, na Danube katikati. Yanakwenda sambamba kwanza kabla ya kuchanganyika. Pana bustani na mabenchi na ni tambarare kabisa. Mtu aliyekulia mtoni ataelewa anachokiona kuliko watalii wote.

Halafu kwenye ukuta wa Rathaus wameweka alama za mafuriko ya kila zama. Ya Juni 2013 iko juu sana, maji yalifika mita 12.89, hayajawahi kufika hivyo tangu 1501. Msimamishe mama chini ya alama ile umpige picha, Pangani nzima wataiongelea.

SistaWaWodini

@MitoMitatu unasema kweli, Passau inapendeza. Ila treni ya mkoa kutoka München inachukua zaidi ya saa mbili, na Regensburg ni kama saa moja na nusu. Kwa goti linalovimba, hiyo tofauti ni kubwa. Nawahudumia wazee kila siku kazini na ninaona: hawachoshwi na kutembea peke yake, wanachoshwa na kukaa mkao mmoja, kupanda na kushuka, kubeba, kusubiri.

Kwa hiyo BintiPangani, kama utachagua Regensburg, kaa Regensburg. Usijaribiwe kusema "Jumapili tukimbie Passau turudi". Chumba kimoja, mto mmoja. Asubuhi jambo moja, mchana alale, jioni mtoke tena. Ukiweka mambo mawili kabla ya adhuhuri utamwona ananyamaza, na mama zetu wakinyamaza ujue anaumwa ila hataki kukusumbua.

Mchukulie fimbo ya kutembelea hata kama hataki. Mawe ya barabarani yana mapengo, na mvua ikinyesha yanateleza. Kiti cha magurudumu kwenye mawe yale kinamtikisa mtu vibaya, fimbo ni bora.

Mwanamvita

Dadangu, mimi ni wa Mombasa, naishi huku huku Bayern, jimbo la München. Wacha nikupe mambo ya chakula.

Karibu na daraja, upande wa mji, mtaona kijumba kidogo chenye moshi na watu wamepanga foleni. Hiyo ni Wurstkuchl, wachoma soseji kwenye mkaa, wazila na kabichi chachu na haradali tamu. Harufu yavuta, lakini ni nguruwe, kwa hivyo mpite tu. Mwambie mama mapema asije akaona aibu ya kuuliza.

Mikahawani tafuteni samaki, Forelle au Zander, hao wa maji baridi. Ugali hakuna lakini viazi viko. Käsespätzle ni tambi za mayai na jibini, tamu sana, ila uliza kama wametia Speck, nyama ya nguruwe, wengine hunyunyizia. Hata maandazi yao ya Knödel uliza hivyo hivyo. Vitamu havina shida nyingi: Kaiserschmarrn mama ataipenda, ni kama chapati ya maji nene iliyochanwachanwa na sukari juu. Ukitaka nyama halali, maduka na mikahawa ya Waturuki iko, hutalala njaa.

Swala: kibla kutoka hapo ni kusini-mashariki. Mwanzoni mwa Septemba Magharibi huingia karibu saa mbili kasorobo usiku, na Isha huchelewa sana. Kuleni chakula cha jioni mapema, mkirudi chumbani aswali Magharibi kwa nafasi. Usimpangie meza ya saa mbili, atakaa roho juu.

BintiPangani

Allah awalipe. @Mwanamvita hilo la Magharibi sikuwa nimeliwaza kabisa, na najua angekaa mezani hajasema neno. @SistaWaWodini umenielezea mama yangu kama umeishi naye.

Basi ni Regensburg. Sasa swali la pili. Nimesoma habari za Walhalla na za Weltenburg, zote zinafikiwa kwa boti. Nikichagua moja, ipi?

Fundi_Donaustauf

Naifahamu mitaa hiyo vizuri, ngoja nikueleze.

Walhalla ni jengo la mfano wa hekalu la Kigiriki, mfalme Ludwig wa Kwanza alilijenga kati ya 1830 na 1842, msanifu Leo von Klenze, na ndani kuna sanamu za marumaru za vichwa vya watu mashuhuri. Mandhari ya Danube kutoka juu haina mfano. Boti kutoka Regensburg inakwenda kama dakika 45. Tatizo ni kwamba inakushusha chini mtoni, na kutoka hapo mpaka mlangoni kuna ngazi 358. Hiyo kwa mama ni hapana. Ukitaka aione, pandeni teksi, kuna maegesho nyuma ya jengo huko huko juu, unatembea kidogo umefika.

Weltenburg ndiyo ya mama. Boti zinaondokea Kelheim. Kutoka Regensburg unapanda treni mpaka Saal an der Donau kisha basi fupi. Pale Danube imekata mwamba wa chokaa ikapita katikati, kuta za mawe zinapanda pande zote mbili na mto unabanwa mpaka unakuwa mwembamba. Mnakaa kwenye kiti, mama anatazama, hakuna ngazi hata moja ya kupanda ili uone kitu. Kwenda ni kama dakika 40 kwa sababu boti inapambana na mkondo, kurudi ni kama nusu ya hapo. Angalia namna nahodha anavyoishikilia boti kwenye kona, mama aliyezoea kivuko atalielewa hilo bila kuelezwa.

Mwisho wa safari kuna monasteri ya kale yenye ua wa miti mikubwa na meza. Watu wengi huenda kwa ajili ya bia yao, lakini juisi ya tofaa na keki zipo na kivuli ni cha wote. Asubuhi hiyo thibitisheni kwanza kama boti zinatoka: maji yakijaa sana hazitoki.

Siku ya kwanza mkifika, kabla ya yote hayo, pandeni boti fupi ya kuzunguka mji, Strudelfahrt, chini ya saa moja. Inapita karibu na matao ya daraja pale maji yanapochemka na kujizungusha. Ni namna nzuri ya kumwonyesha mji mzima akiwa amekaa.

MzeeWaNürnberg

Naongezea ratiba, maana Ujerumani ina mambo yake.

Jumapili maduka yamefungwa. Matunda, maji na dawa za maumivu nunueni Jumamosi. Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, ikiwemo ile mpya ya historia ya Bayern iliyofunguliwa 2019 kando ya mto. Kama mnaitaka iwe Jumamosi, ina lifti na sehemu za kukaa.

Weltenburg iwekeni Jumamosi au Jumapili kulingana na mvua. Jumapili asubuhi mji umetulia, huo ndio wakati wa kuvuka daraja na mama. Juu yake kuna sanamu ndogo ya mtu ameweka mkono juu ya macho akiangalia kanisa kuu. Wenyeji husimulia kwamba mjenzi wa daraja alishindana na mjenzi wa kanisa nani atamaliza kwanza, akamwomba shetani msaada kwa ahadi ya roho tatu za kwanza kuvuka. Daraja lilipokwisha akavusha kuku wawili na mbwa. Mama ataipenda, ni hadithi ya sungura kabisa.

Kwa Wakristo wanaousoma uzi huu: kwaya ya kanisa hilo, Domspatzen, ilianzia mwaka 975 na huimba misa ya Jumapili saa nne asubuhi, ila si wakati wa likizo za shule, nazo Bayern huisha katikati ya Septemba.

Pia angalieni tarehe za Herbstdult, maonyesho yao ya mwisho wa kiangazi, hufanyika ng'ambo ya daraja. Zikiangukia wikiendi yenu, chukueni hoteli upande wa mji wa kale, si Stadtamhof.

SistaWaWodini

Na bima ya safari ya mama pamoja na pasi vikae mkobani mwako. Asubuhi kando ya Danube hutanda ukungu na baridi, sweta na soksi kabla ya kofia.

BintiPangani

Nimeshaandikia hoteli mbili kuuliza Aufzug, moja imejibu ndiyo. Tumeamua hivi: Ijumaa boti fupi tu, Jumamosi Weltenburg, Jumapili daraja na kukaa, Jumatatu treni. Walhalla kama goti litaruhusu, kwa teksi. Swali la mwisho: tiketi ya Bayern inatosha, au nikate ya ICE, treni ya kasi?

Fundi_Donaustauf

Inatosha, nyote wawili mnasafiri kwa tiketi moja. Ni ya treni za mikoa tu, ICE hairuhusiwi. Ijumaa na Jumatatu inaanza kufanya kazi saa tatu asubuhi, wikiendi siku nzima. Andika majina yenu juu ya tiketi kabla mkaguzi hajafika, na Ijumaa msisubiri jioni, treni hujaa na mama atakosa kiti. Ya saa nne asubuhi ni nzuri.