Mbuzi wa Mjomba Beni

*Kikundi: Kwa Babu ❤️ (watu wote)*

Mjomba Beni: Jamani mi naomba niseme. Pilau imeisha saa nane wageni bado wanaingia lawama yote mmenibwagia mimi peke yangu, kamati ilikua na watu kumi na moja. Mmenifanya mbuzi wa kafara

Mama Mdogo: Kaka hela ya mchele si ulishika wewe 😂

Neema: 😂😂 pole mjomba

Babu: Beni. Mbuzi wa kafara anachinjwa. Unayemsema wewe ni yule mwenzake.

Mjomba Beni: Shikamoo baba. Mwenzake yupi tena

Babu: Marahaba. Fungua Walawi 16. Siku ya kumi ya mwezi wa saba mara moja tu kwa mwaka Haruni analeta mbuzi wawili anawapigia kura, mmoja wa BWANA mmoja wa Azazeli. Wa BWANA anachinjwa. Wa Azazeli anabaki mzima, anawekewa mikono yote miwili kichwani makosa ya Israeli yote yanaungamwa juu yake halafu kuna mtu anampeleka jangwani anamwachia huko. Huyo ndio alibebeshwa lawama.

Neema: Ngoja babu kwa hyo yule mwingine alichinjwa ya nini kama dhambi kabeba mwenzake??

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:07)

Neema: Babu niko kwenye daladala sina earphone andika tu 🙏

Babu: Haya, kwa vidole hivi hivi. Angalia damu inaenda wapi. Humo ndani hanyunyiziwi mtu hata mmoja. Inapelekwa nyuma ya pazia, kwenye kiti cha rehema (kile kifuniko cha sanduku la agano) na mbele yake mara saba, kisha madhabahu. Mst 16 unasema anapafanyia upatanisho MAHALI PATAKATIFU kwa sababu ya uchafu wa watu. Yaani watu wametenda huko kwenye mahema yao lakini uchafu unaenda kuganda nyumbani kwa Mungu, kama moshi wa kuni unavyoganda kwenye dari na wewe ulikua unapika chini. Usiposafisha mwenye nyumba anahama, ndicho alichokiona Ezekieli, utukufu unatoka hekaluni.

Mama Mdogo: Baba lakini mst 30 unasema watu wanatakaswa. Na Waebrania 9 pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo, tumekaririshwa tangu sandeskuli

Babu: Wanatakaswa ndio, nyumba imeoshwa na mzigo umeondoka. Huo wa Waebrania soma mwanzo wake, "karibu vitu vyote". Karibu! Maskini asiye na hata njiwa Walawi 5:11 inamruhusu alete unga, sehemu ya kumi ya efa, ni kama lita mbili hivi. Hakuna damu hapo na anasamehewa.

Neema: Unga?? 😳 mchungaji wetu hajawahi kuusoma huo

Shem Hamisi: Shikamoo babu. Hata kwetu kafara sio lazima kuchinja. Ukivunja kiapo unalisha maskini kumi au unawavisha, ukishindwa unafunga siku 3

Babu: Marahaba Hamisi. Ni neno lile lile, Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Kiebrania kiperi, na kile kiti cha rehema wanaita kaporeti. Huku kwetu waganga ndio wameliharibu ukisikia kafara unafikiria mtu katoa mwanae apate Prado

Shem Hamisi: Sasa Wayahudi wa leo wanachinjia wapi na hekalu hakuna

Babu: Warumi walilibomoa mwaka 70. Siku yenyewe ya upatanisho bado ipo, wanafunga wanaomba kutwa. Na walimu wao waliandika kwenye Mishna kwamba kosa la mtu na mwenzake siku hiyo haiwezi kulifuta mpaka kwanza umridhishe mwenzako. Torati nayo ilishasema, Walawi 6, ukimdhulumu mtu unamrudishia chake unaongeza na sehemu ya tano, ndio uje na kondoo wako

Mama Mdogo: 👀 kaka Beni umesoma hapo

Babu: Na wewe mwenyekiti usicheke. Haruni anaanza na ng'ombe wa dhambi zake na za nyumba yake kabla hajagusa mbuzi wa watu. Oda ya mchele uliipitisha wewe.

Mama Mdogo: 🙈

Mjomba Beni: Sawa baba. Ilibaki elfu 40 kwenye mchele sikusema niliiazima kidogo. Nairudisha kesho

Neema: Weee mjomba 😂😂😂

Shem Hamisi: Na sehemu ya tano. 48

Mjomba Beni: Hamisi wewe Walawi inakuhusu nini

*Mjomba Beni ameondoka*

Neema: 😂😂😂 kaenda jangwani mwenyewe hata hajapelekwa

Babu: Mrudishe Neema. Hela bado.