Mjadala: Vyuo vya Lubumbashi vichange pesa kwa ramani ya simu, au kinywa kinatosha?

Kijana wa Kampemba:
Ndugu zangu, kila mwaka masomo yakifunguliwa ni mambo yaleyale. Vijana wa mwaka wa kwanza wanashika ratiba mkononi na kuzunguka kwenye jua. Ratiba inataja jina la ukumbi, basi. Haisemi ni jengo lipi, wala haisemi kama ni kule kwenye kampasi ya Kasapa au ni kwenye fakulte zilizo mjini. Kwa mtoto aliyetoka jana Bukama au Manono, kukosea hapo ni pesa ya teksi mara mbili na somo lote limepita.
Pendekezo langu: vyuo vyote vya hapa, vya serikali na vya watu binafsi, viwe na programu moja ya ramani. Unaandika jina la ukumbi, inakupeleka mpaka mlangoni. Kila mwanafunzi atoe faranga elfu mbili anapojiandikisha, na wanafunzi wa informatiki na jiografia wapewe kazi hiyo. Nani anakataa, na kwa nini?

Mzee wa Reli:
Nakataa. Nilishuka treni kutoka Kamina mwaka 1981, mwaka uleule UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa la Zaire, ilipovunjwa na chuo chetu kikawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Sikuwa na simu, sikuwa na mjomba hapa mjini. Niliuliza, nikafika. Mtu mwenye diploma ya serikali, yaani aliyefaulu mtihani wa kumaliza sekondari, anayeshindwa kupata ukumbi pale Kasapa, mimi nina mashaka na hiyo diploma.

Binti wa Kasenga:
Papa, shikamoo, lakini hilo la diploma umemrushia nani? Mimi nilipotea. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nafika somo limeshaanza. Diploma yangu nina asilimia 63, na sikuinunua.
Halafu hiyo ya kuuliza. Wewe mwanamume ukiuliza njia unaonyeshwa njia. Sisi tukiuliza tunaombwa namba ya simu. Siku ya pili kwenye chuo kimoja hapa kijana aliniambia nimfuate, akanipitisha nyuma ya majengo mpaka mahali pasipo na mtu. Nilirudi mbio. Tangu siku ile sikuuliza tena mtu yeyote, ndiyo maana nilichelewa.

Mzee wa Reli:
Pole kwa hilo la kijana, mwanangu, huyo ni mtu mbaya na angepaswa kuripotiwa. Lakini 63 ya siku hizi siyo 63 yetu. Wakati wetu mwenye 55 alisifiwa mtaa mzima.

Kaka Katuba:
Wazee wetu! Kila kitu cha zamani kilikuwa kizito, hata asilimia.
Mimi nakataa kwa sababu nyingine. Hiyo GPS ya kuonyesha ulipo inakula mega, yaani data ya simu. Mtoto wa Katuba ananunua mega za siku moja ili asome ujumbe wa CP, kiongozi wa darasa, halafu mnataka atembee chuoni mega zinamwagika kila hatua? Hiyo ni ramani ya watoto wa matajiri.

Fundi wa Ruashi:
Kaka, hapana. Hili linasemwa kila siku na si kweli. GPS haitumii mega hata moja. Kuna setilaiti zaidi ya 24 juu yetu, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zinatuma mawimbi kama kituo cha redio. Simu inasikiliza tu na kupiga hesabu, haiwajibu kitu. Kinachokula mega ni kuvuta picha ya ramani yenyewe. Ukiishusha mara moja ukiwa mahali penye Wi-Fi, unatembea nayo mwaka mzima bila kifurushi. OsmAnd inafanya hivyo, Organic Maps pia.
Na kwako Kampemba: faranga elfu mbili za nini? Ramani ipo. OpenStreetMap ilianzishwa na Mwingereza Steve Coast mwaka 2004, na mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza barabara au jengo bila kulipa. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, wachoraji wa kujitolea waliifanyia kazi ramani hiyohiyo kwa ajili ya Goma. Sisi tunashindwa kuandika majina ya kumbi zetu?

Kaka Katuba:
Unasema haili mega. Mimi nilizima data nikafungua ramani: doa la buluu katikati ya weupe mtupu. Hakuna barabara, hakuna nyumba. Sasa doa hilo linanisaidia nini?

Fundi wa Ruashi:
Hilo doa ndilo ushahidi wangu! GPS ilikuona ulipo bila data. Weupe ni kwa sababu hukushusha ramani kabla.

Kaka Katuba:
Basi na betri nayo? Umeme ukikatwa siku mbili, hiyo simu unaichaji kwa kusikiliza redio?

Mwalimu wa Jiografia:
Naomba niingie, maana ni kazi yangu.
Mahali pa wazi, simu ya kawaida inakosea mita tano hivi. Inatosha kabisa kukufikisha kwenye jengo. Ukiingia ndani, mawimbi yanazuiwa na zege, doa linaanza kurukaruka, na ghorofa huwezi kuitegemea. Kwa hiyo "mpaka mlangoni" maana yake ni mlango wa jengo, siyo mlango wa ukumbi. Kule Trondheim, Norwei, chuo cha NTNU kilianza mwaka 2011 kuwaonyesha wanafunzi njia hadi ndani ya jengo, lakini simu ilijua ilipo kwa kulinganisha nguvu za antena za Wi-Fi zilizotandazwa kwenye korido zote. Antena hizo zinataka umeme saa zote. Tujiulize wenyewe.
Kwetu kuna kazi mbili za kutangulia. Ya kwanza, kila ukumbi uandikwe namba juu ya mlango kwa rangi, na namba hiyohiyo iingie kwenye ratiba. Vyumba vingi vinaitwa kwa jina la profesa aliyestaafu zamani au kwa rangi ya ukuta uliokwisha kupakwa upya. Ya pili, mtu mmoja awe na wajibu wa kubadilisha habari ukumbi unapohamishwa. Leo CP anaandika kwenye WhatsApp saa moja asubuhi kwamba somo limehama, apariteri, mtumishi wa fakulte anayebandika matangazo, hajui, na karatasi ukutani inasema jambo la tatu. Ukiweka ramani juu ya fujo hiyo, itakupeleka vizuri sana kwenye ukumbi mtupu. Vijana wa informatiki wanapenda kuchora kabla ya kwenda kupima.

Fundi wa Ruashi:
Profesa, nakuheshimu, lakini sentensi ya mwisho imenichoma. "Kuchora kabla ya kupima"? Mimi natembea na simu mkononi, narekodi njia kwa miguu, narudi nyumbani nalinganisha na picha ya setilaiti. Nani kutoka jiografia nimewahi kukutana naye huko njiani? Mko ofisini na ramani za karatasi za enzi za Élisabethville, Lubumbashi ya wakoloni.

Mwalimu wa Jiografia:
Ramani hizo za karatasi zilipimwa na watu waliotembea na mnyororo, kijana. Na wanafunzi wangu wanatembea. Kama hukuwaona, huenda ulikuwa unatazama simu.

Mama wa Kenya:
Mie wa hapa Kenya, komuni yetu ya Lubumbashi, siko chuoni, niko na duka, lakini watoto wangu wawili walipita Kasapa. Hiyo ya namba kwa milango iko ya maana sana, na rangi siyo bei. Mbona hakuna mtu anaijibu?

Kijana wa Kampemba:
Mama, nitaijibu. Ila kwanza muone kwa nini jina peke yake halitoshi. Mgeni akimwambia mtu wa pikipiki "Kasapa" bila kuongeza neno, anaweza kupelekwa gerezani badala ya chuoni, maana yote mawili ni Kasapa. Fikiria mtoto anakuja kuanza masomo anajikuta kati ya wanaowapelekea wezi chakula!

Mama wa Kenya:
Wezi? Mtoto wangu, pole pole. Mie nilipeleka chakula pale miezi mingi kwa ndugu yangu, ambaye hakuwahi hata kufikishwa mbele ya hakimu. Tulikuwaka mama wengi kwa ile foleni, na masufuria yetu, kwa jua. Wengi pale ndani bado kuhukumiwa. Unawaita wezi wewe kama nani?

Kijana wa Kampemba:
Nisamehe, mama. Sikuwa nalenga ndugu yako.

Mama wa Kenya:
Haukulenga, lakini ulipiga. Na kama mnachora ramani, chora na njia ya kule. Mama anayetoka Likasi au Kipushi kumtafuta mtoto wake aliyefungwa anapotea kuliko mwanafunzi yeyote, na hana mtu wa kumwambia siku ya kuingia ni gani.

Kaka Katuba:
Mama kasema. Na mwenye kupeleka chakula huko hana mega.

Fundi wa Ruashi:
Haitumii mega!!

Binti wa Kasenga:
Mimi bado niko kwenye ramani ya chuo, na kuna kitu mnaruka. Mkiingiza majengo, homu za wasichana, yaani mabweni, mtaziandika nazo? Naomba jibu kabla hamjaanza kuandika majina.

Fundi wa Ruashi:
Jengo likishaonekana kwenye picha ya setilaiti halifichiki, dada. Paa liko wazi kwa dunia nzima. Kutoliandika hakumzuii mtu mbaya, kunamchelewesha tu anayetafuta.

Binti wa Kasenga:
Paa ni paa. Paa halisemi "hapa wanalala wasichana, mlango wa nyuma uko huku, njia ya mkato haina taa". Ninyi mnaofanya kazi ya kujitolea mnaona kila jina lililoongezwa ni ushindi. Sisi tunaotembea njia hiyo saa moja jioni, somo likiisha na umeme umekatika, tunahesabu nani mwingine atakuwa amelisoma jina hilo. Andikeni kumbi, maktaba, zahanati, vyoo, na mahali penye mlinzi usiku. Homu ziacheni mpaka wanaolala humo waulizwe.

Mwalimu wa Jiografia:
Nakubaliana na dada huyu. Si kila kilichopimwa ni lazima kichapishwe.

Fundi wa Ruashi:
Basi na hospitali za wanawake tusiziandike? Mkianza hivyo ramani itabaki na makanisa na baa.

Binti wa Kasenga:
Nimesema waulizwe. Sikusema zifutwe.

Mzee wa Reli:
Nimesoma yote. Kuhusu usiku dada ana haki, hapo siwezi kubisha, binti zangu nao walisoma. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu asilimia. Hiyo 63 ilikuwa sehemu gani ya masomo, na mwaka gani?

Binti wa Kasenga:
Kemia na biolojia, papa, 2022. Na anayesimamia ratiba yetu anapata mshahara kwa kazi hiyo. Kwa nini hamumuulizi yeye asilimia zake?

Kaka Katuba:
Hapo sasa.

Mama wa Kenya:
Rangi ya kuandika namba kwa milango, debe moja nitaitoa mie. Mwambieni huyo wa ratiba anitumie mtu wa kuichukua.