Kidonge cha YBCO ni cheusi, mbona sumaku haielei?

Sakina_Maabara: Wakuu, naomba msaada. Natengeneza YBCO, supakondakta ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni: ikipoa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani, na sumaku huelea juu yake. Mchanganyiko ni gramu 10: itriamu oksaidi 1.513, bariamu kabonati 5.289, shaba oksaidi nyeusi 3.198. Umesagwa, ukachomwa 920°C saa 12, ukasagwa tena, ukashindiliwa kidonge na kuchomwa 940°C saa 12. Umeme ukakatika, kidonge kikatolewa kingali moto. Ndani ya naitrojeni ya maji (ile ya uhimilishaji wa ng'ombe) sumaku imekaa tu juu yake. Nianze upya?

Kiboriloni: Hapana mkuu, usikitupe. Vipimo viko sawa, na kingekuwa kimeungua vibaya ungeona ukijani. Kimekosa oksijeni. Ndani ya YBCO shaba na oksijeni zimejipanga namna mbili: matabaka, ambamo umeme hupita bila ukinzani, na minyororo kati yake. Minyororo ndiyo huvuta elektroni kutoka kwenye matabaka, na bila hivyo matabaka hayawi supakondakta. Kwenye 940°C oksijeni nyingi hutoka kwenye minyororo, na ukikitoa ghafla hairudi. Zikibaki atomu 6.6 za oksijeni kwa kila itriamu moja badala ya karibu 7, kidonge huwa supakondakta kikifika karibu K 60 tu (kelvini, nyuzi zinazohesabiwa kuanzia -273°C), si K 92. Naitrojeni haifiki huko, hata kwa mwinuko wa Arusha inakochemka karibu K 76.

Rudisha tanuruni, oksijeni ipite taratibu. Panda hadi 600°C, shuka 450°C, kaa hapo saa 12 hadi 24, kisha shusha nyuzi 60 kwa saa hadi chini ya 200. Unene usizidi mm 3, maana kidonge kinene kilichobana sana hunyonya oksijeni nje tu.

Njiro_Fizikia: Tumia sumaku ya neodimiamu ndogo na nyembamba. Elektroni humu hubeba mkondo zikiwa jozi, na wimbi la jozi hizo huitwa wimbi-d: alama yake hugeuka kutoka chanya kuwa hasi ukizunguka nyuzi 90. Chembe za kidonge zimeelekea kila upande, kwa hiyo mkondo hudhoofika mipakani mwake na sumaku nzito haibebeki. Ukinzani upime kwa nyaya nne, la sivyo unapima viungo vya nyaya. Tena bariamu kabonati ni sumu, vaa barakoa unaposaga. Masika haya weka kidonge kwenye chupa yenye silika, unyevu hukila.

Sakina_Maabara: Umeme ukikatika tena kwenye 450?

Kiboriloni: Mlango usifunguliwe. Umeme ukirudi, panda hadi 500°C, shuka 450°C, hesabu saa 12 upya.