Mfarishi wa viraka na watoto wa chekechea: nianzie wapi?

Mwalimu, Mbagala
Habari za leo ndugu zangu. Ninafundisha watoto 24 wa miaka 4 hadi 6, na kabla ya kufunga shule mwezi Desemba ningependa tushone mfarishi mmoja wa viraka, kila mtoto akiwa na kiraka chake, ili ubaki darasani kwenye kona ya hadithi. Mwaka jana niliwagawia wote sindano kwa mara moja. Nusu saa nzima iliishia kwenye kutunga uzi, na mtoto mmoja akashona kitambaa chake pamoja na sketi aliyoivaa. Je, kazi ipi niwaachie wenyewe?

Fundi cherehani, Magomeni
Pole, Mwalimu. Kata viraka mwenyewe, sentimita 20 kila upande, na ndani ya hizo 20 kila ukingo uuachie sentimita 1 ya mshono. Ukivipanga 6 kwa 4 utapata sentimita 108 kwa 72. Vitenge vipya vifue kwanza, kwa sababu wanga ukishatoka kitambaa hurudi, na chekundu kinaweza kuchujia vyeupe vyote. Kuunganisha viraka ni kazi ya cherehani. Watoto wapambe tu. Pamba ya katikati si lazima kwa joto letu hili, shuka kuukuu linatosha kuwa bitana.

Mama wawili, Tabata
Wadogo kabisa wachore kwa kalamu za nta kwenye kitambaa cheupe cha pamba, wakikandamiza sana, kisha wewe ufunike kwa karatasi na kupitisha pasi ya moto. Nta hunyonywa na karatasi, rangi hubaki, ingawa hupauka kidogo kwa kila ufuaji.

Bibi wa Kigamboni
Fundi, nakupinga kidogo: mtoto wa miaka 5 anaweza kupiga bandi, yaani kushona kwa mkono kwa hatua ndefu ndefu. Mpe sindano nene isiyo na ncha kali, ile ya kushonea sweta, na kitambaa kilicholegea kidogo. Uzi ufunge fundo kwenye tundu la sindano usichomoke. Waite watatu watatu, wengine wakicheza. Wakileta vipande vya khanga kutoka nyumbani, soma jina kabla ya kukata, maana mafumbo mengine walirushiana mawifi, hayafai kona ya hadithi.

Mwalimu, Mbagala
Shikamoo Bibi. Nimecheka peke yangu. Basi wa miaka 4 watachora, wakubwa watapiga bandi watatu watatu, na Fundi nitamletea viraka vikiwa vimeshapigwa pasi.