Suboxone na jeneriki yake: nguvu ni moja?

Bint Mvita: Salaam aleikum. Jamaa yetu anatibiwa uraibu wa heroini huko Marekani. Alikuwa akitumia Suboxone ya utando (kijikaratasi kiyeyukacho mdomoni), 16/4 mg kwa siku, yaani buprenofini 16 na naloksoni 4. Kwa sababu ya bima, daktari amemhamishia vidonge jeneriki (dawa ile ile bila jina la kampuni ya kwanza) vya buprenofini na naloksoni, dozi ile ile. Sasa alasiri arosto, yale mateso ya kukosa dawa, yamuanza. Je, jeneriki ni hafifu?

Kibokoni77: Hafifu, ndiyo. Sheria yao yaruhusu asilimia 20 ipungue.

Mfamasia wa Tudor: Hapana, kaka, hilo husemwa sana na si kweli. Sheria hiyo hutaja asilimia 80 hadi 125, na hizo si kiasi cha dawa ndani ya kidonge. Ni mipaka ya kulinganisha dawa inayofika kwenye damu, na wastani pamoja na ukingo wake wa makosa lazima vyote viingie humo. Jeneriki iliyopunguza dawa kwa asilimia 20 haipiti.

Bint Mvita, mimi ningeangalia umbo kwanza. Utando na kidonge havifyonzwi sawasawa kwa kila mtu, hata miligramu zikiwa zile zile, ndiyo maana mgonjwa hufuatiliwa akibadilishiwa. Tena kidonge hukawia kuyeyuka, huweza kufika dakika 10, na wengi humeza mate mapema. Dawa ikishuka tumboni, ini laiharibu sehemu kubwa. Alowanishe mdomo kwa maji, aweke chini ya ulimi, asizungumze wala kumeza hadi viishe kabisa. Kisha asukutue kwa maji, ameze, na asubiri saa nzima kabla ya kupiga mswaki. Dawa hii huharibu meno.

Akipewa Zubsolv, vidonge vya dawa hizo hizo kwa jina jingine, asilinganishe namba: 5.7/1.4 mg ya hiyo ni sawa na 8/2 ya Suboxone.

Asiongeze dozi mwenyewe. Ampigie daktari, amtajie saa arosto inapoanza.

Bint Mvita: Shukran. Na akirudi Mombasa akaanza methadoni, ile dawa nyingine ya uraibu wa heroini?

Muuguzi Likoni: Kutoka buprenofini kwenda methadoni ni rahisi, kliniki huanza na dozi ndogo. Kinyume chake ndicho kigumu: methadoni ishushwe hadi 30 mg au chini, angoje saa 24 au zaidi, arosto ionekane wazi. Akiwahi, buprenofini yaing'oa methadoni kwenye vipokezi, pale dawa inaposhika ubongoni, na arosto yamwangukia kwa mkupuo.

Kwenye methadoni jina la kampuni halina uzito. Soma ukali wa maji yake: 60 mg ni mililita 12 ikiwa 5 mg kwa mililita, lakini ni 6 tu ikiwa 10 mg. Hapo ndipo watu hufa. Na kama yuko kwenye dawa za TB aseme mapema, rifampisini hushusha methadoni mwilini.

Bint Mvita: Vidonge viwili aweke pamoja au kimoja kimoja?

Mfamasia wa Tudor: Pamoja, kimoja kushoto, kimoja kulia.