BMW M4: Comfort na Sport Plus hazina tofauti tena. Shokapu zimekufa au ni umeme?

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)
Jambo sana wakubwa. Naomba ushauri. Gari ni BMW M4 F82 ya 2015, shokapu zake ni zile za umeme, kitufe kina hatua tatu: Comfort, Sport, Sport Plus. Sasa gari ni gumu hata kwenye Comfort, kila tuta unalisikia kiunoni. Kwenye skrini linatokea onyo la shasi. Ukizima na kuwasha linapotea, ukienda kidogo linarudi. Shokapu ya mbele kushoto ina unyevu wa mafuta. Fundi anasema tung'oe zote nne tuweke za kawaida. Nauliza: modi hizi zinabadilisha nini hasa, springi au shokapu? Nipime vipi kabla dola hazijatoka? Na za kawaida zina ubaya gani?

Volti_Kumi_na_Mbili (Likasi)
Springi haziguswi, yaya. Chuma ni kilekile kwenye modi zote tatu na urefu wa gari haubadiliki. Kinachobadilika ni njia ya mafuta ndani ya shokapu: pistoni ikipanda au ikishuka, mafuta lazima yapenye, na valvu ya umeme ndiyo inayobana au kuachia. Kompyuta inasoma mwendo wa bodi na wa magurudumu, pembe ya usukani, spidi na breki, halafu inabadilisha mkondo wa umeme wa kila shokapu ndani ya milisekunde chache.

Kwa hiyo usidhani Comfort ni laini muda wote. Ukikata usukani ghafla au ukikanyaga breki kwa nguvu, kompyuta inakaza yenyewe. Sport na Sport Plus zinaanzia pagumu zaidi, basi. Na kuna jambo ambalo wengi hawaligundui: kwenye mzunguko mrefu wa spidi moja, gari linalala upande kiasi kilekile kwenye modi zote, kwa sababu hapo kazi ni ya springi na baa za stabilaiza (vyuma vinavyozuia gari kulala upande). Tofauti iko pale unapoingia kona na unapotoka, yaani gari linalala *haraka* kiasi gani.

Ndiyo maana kusukuma boneti ya gari lililosimama hakukuambii kitu. Tafuta tuta moja unalolijua, lipite kwa kilomita 30 kwa saa kwenye Comfort, rudi ulipite kwenye Sport Plus.

Lava_Garaje (Goma)
Mfumo huu ukiona kosa unajifunga kwenye kiwango kimoja, na kwa valvu za aina hii kwa kawaida ni upande mgumu, ili gari la spidi lisiyumbe. Ugumu wako pamoja na lile onyo vinanielekeza kwenye umeme kabla ya kitu kingine. (Shokapu za sumaku, kama za Corvette tangu 2003 au Audi TT, ni kinyume: umeme ukikatika mafuta yake yanabaki mepesi na gari linaogelea. Fundi aliyezoea hizo anaweza kukupoteza.)

Anza na betri. Gari likiwa limelala usiku mzima, pima: chini ya volti 12.4 ichaji kwanza, maana betri dhaifu inazua makosa ya uongo kwenye kompyuta nyingi kwa mpigo. Kisha soma makosa kwa mashine inayofika kompyuta ya shasi. Kale kamashine kadogo ka sokoni kanasoma injini tu, katakuambia gari ni zima.

Halafu zima gari, chomoa soketi ya shokapu, weka mita kwenye ohm. Gusanisha kwanza waya mbili za mita zenyewe: mita za bei nafuu huonyesha 0.3 au 0.5 hata bila kitu, na kwenye koili (waya uliosokotwa unaoendesha valvu) ya ohm chache hiyo si ndogo, itoe kwenye hesabu. Linganisha kushoto na kulia. Zikikaribiana, koili ni nzima. Upande mmoja usipoonyesha namba, kuna mkatiko. Pima pia kati ya pini na bodi ya shokapu. Hapo pasiwe na mawasiliano kabisa.

Na tafadhali, mtu asikushauri "kujaribu" koili kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja. Volti 12 kwenye ohm 2 na kitu ni kama ampea 5. Utaiunguza.

Tingatinga243 (Lubumbashi)
Mimi niko na fundi. Barabara ya Kasumbalesa na malori yale, umeme chini ya gari ni wa nini? Weka za kawaida, zima onyo kwa kompyuta, maisha yaendelee.

Volti_Kumi_na_Mbili (Likasi)
@Tingatinga243 inawezekana, ila semeni gharama yote. Ukitoa za umeme, kompyuta inatafuta koili haizioni, onyo halizimiki. Inabidi uondoe mfumo kwenye programu ya gari au uweke kisanduku cha kuigiza koili. Na shokapu ya kawaida ya M4 ni ya ugumu mmoja tu. Nyingi zinazouzwa kwa magari haya ni za mbio, ngumu kuliko Comfort yako. Yaani unalipa ili ubaki na tatizo lile lile ulilolileta hapa.

Kadutu_Pistoni (Bukavu)
Kabla ya yote angalieni upepo wa tairi. Mbele kama ni 255/35 R19, ubavu wa tairi ni milimita 89 tu. Ukijazwa kupita kiasi, hakuna modi itakayoulainisha. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, fuata stika ya mlango wa dereva.

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)
Asanteni sana. Betri 12.6. Upepo ulikuwa juu, nimepunguza. Mbele kulia mita inasoma 2.4, mbele kushoto haisomi kitu. Nyuma zote mbili zinalingana na ya mbele kulia. Pini za soketi ya kushoto zina kutu ya kijani.

Lava_Garaje (Goma)
Safisha kutu, kisha pima kwenye pini za shokapu yenyewe, si upande wa waya wa gari. Ikisoma, tatizo lilikuwa soketi na umepona kwa chupa ya dawa ya kusafishia umeme. Isiposoma, koili imekatika. Na mafuta je: ni vumbi lililolowa kidogo juu, au yameteremka hadi kwenye sahani ya springi? Jasho la juu si ugonjwa. Likifika chini, sili (raba inayozuia mafuta yasivuje) imekwisha.

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)
Haisomi hata kwenye shokapu. Na mafuta yamefika kwenye sahani.

Lava_Garaje (Goma)
Basi nunua mbili za mbele, za nyuma ziache. Mbele hubadilishwa kwa jozi, la sivyo gari litavuta tofauti kwenye breki. Mpe muuzaji herufi na namba 7 za mwisho za namba ya shasi, kwa sababu M4 yenye Competition Package ina shokapu zake. Ongeza mauntini za juu, raba za kikomo, vifuniko vya vumbi na nati mpya za kujifunga.

Mwangalie fundi kwenye mambo haya. Nati ya juu ya shokapu isifunguliwe wala kukazwa kwa bunduki ya upepo. Fimbo ya shokapu isishikwe kwa koleo. Mkwaruzo mmoja unakata sili mpya ndani ya muda mfupi, ishikwe kwa ufunguo wa ndani pale juu. Waya urudi kwenye vishikizo vyake vyote, kisha zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho uone kama unavutika. Boliti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwenye magurudumu. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba zinabaki zimejipinda na zitachanika. Baada ya hapo alaimenti, futa makosa, rudia lile tuta la kilomita 30.

Kadutu_Pistoni (Bukavu)
Ikishapona, kwenye kitufe cha M1 cha usukani hifadhi injini Sport, shokapu Comfort. Kwenye lami yenye viraka Sport Plus inafanya tairi lirukeruke, na tairi lililo hewani halishiki breki. Sport Plus ni ya lami nyoofu.

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)
Nimeelewa. Naagiza mbili za mbele. Kisanduku cha kuigiza koili nimeshamwambia fundi akirudishe dukani.